Kabla Hujalipia Programu ya Kutafuta Barua Pepe za Wateja

Desemba iliyopita mteja wetu mmoja, mama anayeshona na kuuza sare za shule mjini Thika, alitupigia simu akiomba tumrudishie Sh6,500. Tulidhani ni yale ya kila siku: ametuma kwa nambari isiyo sahihi, au ametapeliwa. Kumbe sivyo. Pesa zilifika alikozikusudia, na alichonunua alikipata. Ilikuwa programu ya kompyuta ambayo muuzaji alimwambia itamtafutia mtandaoni barua pepe elfu ishirini za shule na wazazi, yeye akiwa amekaa tu anakunywa chai.

Na kweli ilitafuta. Kompyuta iliguruma usiku kucha, asubuhi akakuta orodha ndefu. Akaandika tangazo la sare, na bei, na nambari yake ya tili chini, akaanza kutuma. Siku ya tatu akaunti yake ya barua pepe ikafungwa. Sasa, hiyo ndiyo akaunti aliyosajilia biashara yake kwetu. Ripoti za mauzo ya tili huenda hapo. Akisahau neno la siri la ukurasa wa biashara, msimbo wa kulibadilisha hutumwa hapo. Msimu wa sare ndio huo unaanza, na mama hawezi kujua mzazi gani amelipa na yupi bado, ila kwa kusoma jumbe za simu mojamoja.

Tulimsaidia kubadilisha anwani. Ilichukua siku kadhaa kwa sababu lazima tuhakikishe anayeomba ni mwenyewe, na tunajua siku kadhaa mwezi wa Desemba ni nyingi kwa mtu wa sare. Zile Sh6,500 hatukuweza kuzirudisha. Malipo yenyewe hayakuwa na kosa. Pesa zikikosea njia tunajaribu kuzirudisha, lakini bidhaa isiyokufaa ni mazungumzo kati yako na aliyekuuzia. Na aliyemuuzia, kama unavyodhani, alikuwa hashiki simu tena.

Tangu hapo tumeulizwa swali hilohilo na wauza vipuri, madalali wa nyumba, na vijana wanaotengeneza tovuti: hizi programu ni nzuri ama ni ulaghai? Maoni yetu ni kwamba nyingi si ulaghai. Zinafanya kile zinachosema zitafanya. Shida ni kwamba watu wanazipima kwa kipimo kisichofaa. Wanauliza bei, halafu wanauliza idadi ya anwani, basi. Swali la maana hawaliulizi: nikianza kutumia orodha hii, ninaweka nini rehani?

Programu yenyewe inafanya nini

Hakuna uchawi ndani yake. Unaipa maneno, tuseme "shule ya msingi Kiambu". Inayapeleka Google au kwingineko, inachukua tovuti zilizotokea, inazifungua ukurasa kwa ukurasa, na katika kila ukurasa inatafuta alama ya @. Ikikuta herufi, kisha @, kisha herufi, nukta na herufi nyingine, inanakili na kusonga mbele. Haisomi. Haijui mwalimu mkuu ni nani na mlinzi ni nani. Haijui kama shule iko Kiambu au imetajwa tu kwenye habari ya mashindano ya muziki.

Ndiyo maana orodha zake huwa na vichekesho. Mfano tunaoupenda ni "logo@2x.png". Hilo ni jina la picha. Watengenezaji wa tovuti huzipa picha za vioo vya kisasa majina ya namna hiyo, na programu nyingine huzihesabu kama watu. Kuna anwani za mfano, zile za "jinalako@tovutiyako", ambazo mwenye tovuti alisahau kuzifuta. Kuna anwani ya fundi aliyetengeneza tovuti, ambayo hutokea kwenye kila tovuti aliyowahi kuishika. Kuna anwani ya mtu aliyekuwa katibu wa shule zamani, ikitoka kwenye tangazo la zabuni ambalo hakuna aliyelitoa mtandaoni. Zote hizi muuzaji anakuhesabia ndani ya elfu ishirini zako.

Zaidi ya hapo, jiulize wateja unaowataka wako wapi. Shule nyingi za mitaani hazina tovuti kabisa. Zina ubao langoni wenye nambari ya simu, labda na ukurasa wa Facebook. Programu haiwezi kusoma ubao wa langoni. Itakuletea shule kubwa zenye tovuti nzuri, na hizo ndizo ambazo tayari zina mshonaji wao wa miaka.

Kuna aina ya pili, ambayo hukisia. Unaipa jina la mtu na la kampuni, nayo inaunganisha: jina la kwanza, nukta, jina la ukoo, @ kampuni. Halafu inabisha hodi kwenye seva ya barua ya kampuni hiyo kuuliza kama sanduku la namna hiyo lipo. Zipo seva zinazoitikia "lipo" kwa jina lolote lile utakalotaja. Ukitaja "mbuzi.mweupe" itasema yupo. Kwa hiyo ukiona programu imeweka alama ya kijani kwamba anwani "imethibitishwa", usishangilie haraka.

Na kumbuka hii ni programu iliyo kwenye kompyuta yako, si huduma iliyoko kwa mtu mwingine. Kila ukurasa unafunguliwa kwa bando lako. Kila hodi inapigwa kupitia laini yako ya intaneti. Ukiwa unatumia kipanga njia kimoja na maduka mengine mawili, na laini hiyo ikawekwa kwenye orodha ya wasumbufu, nyote mtaanza kuulizwa na Google kama ninyi ni roboti.

Halafu kuna mitego. Tangu 2004 upo mradi uitwao Project Honey Pot ambao husaidia wenye tovuti kupanda anwani kwenye kurasa zao mahali jicho la mtu haliwezi kuziona. Hakuna binadamu anayeziandikia, kwa sababu hakuna binadamu anayezijua. Barua ikifika hapo, imejulikana wazi kwamba aliyetuma alichuma anwani kwa mashine. Orodha ya elfu ishirini ikiwa na chache tu za namna hiyo, umeshajitangaza.

Hesabu ya kutuma

Wacha tufanye hesabu ambayo muuzaji hakuifanya na mama wa Thika. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusu barua kwa watu 500 kwa siku. Anwani 20,000 ni siku 40, ukituma kila siku bila kupumzika Jumapili. Shule zimefungua, zimefanya mtihani wa katikati ya muhula, wewe bado unatuma tangazo la Januari.

Lakini hutafika siku ya 40. Mwezi wa Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti ya watumaji. Sharti moja linasema idadi ya wapokeaji wanaobonyeza kwamba barua ni taka isifike asilimia 0.3. Yaani watu watatu katika kila elfu moja. Fikiria wewe mwenyewe ukipokea tangazo la sare za shule kutoka kwa mtu usiyemjua, na huna hata mtoto wa shule. Watatu katika elfu watapatikana kabla ya saa nne asubuhi.

Kinachofuata si faini, ni kimya. Barua zako zinaanza kwenda moja kwa moja kwenye folda ya taka, pamoja na zile unazowaandikia wateja wako wa kweli. Ankara uliyomtumia mwalimu mkuu aliyekuagiza sare 60 haionekani. Yeye anadhani hujatuma, wewe unadhani hataki kulipa. Na mambo yakizidi, akaunti inafungwa kama ya mama.

Hapo ndipo tunapoguswa sisi. Kwa wafanyabiashara wengi wadogo anwani ni moja tu. Ndiyo iliyoko KRA, ndiyo ya benki, ndiyo ya kwetu, ndiyo ya picha za watoto. Watu wanailinda PIN yao vizuri siku hizi, tunawapongeza kwa kweli, lakini anwani ya barua pepe wanaichukulia kama kijikaratasi. Ilhali anayeishika anwani hiyo ameshika mlango wa nyuma wa biashara nzima. Ukiipoteza kwa kutuma matangazo, umepoteza kitu ambacho Sh6,500 haziwezi kukinunua.

Ile ya bure ni mbaya zaidi

Tukisema hivyo, mtu hujibu: basi sitanunua, kijana wa saiba atanipa iliyovunjwa leseni, bure. Tafadhali. Kama kuna sentensi moja tungependa uikumbuke, ni hii: mtu akikuambia uzime antivairasi kwanza ndipo programu ikubali, iache hapohapo. Ndani ya programu nyingi zilizovunjwa kunafichwa programu nyingine, ya wizi, ambayo kazi yake ni kuchukua maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari. Inayachukua yote kwa mpigo na kuyatuma kwa mtu usiyemjua. Kama uliwahi kubonyeza "hifadhi" ulipoingia kwenye ukurasa wa biashara yako, nalo limo.

Ulikuwa unatafuta anwani za watu, na wewe ndiye umechumwa.

Sheria inasemaje

Wengi hutuambia: lakini anwani ziko wazi mtandaoni, mwenyewe ameziweka, kosa liko wapi? Ni swali zuri na jibu lake lina pande mbili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubali kwamba taarifa za mtu zinaweza kuchukuliwa bila kupitia kwake ikiwa yeye mwenyewe amezitangaza hadharani kwa makusudi. Lakini kuchukua ni jambo moja na kutumia kibiashara ni jingine. Kifungu cha 37 kinataka uwe umeomba na kupata idhini ya wazi ya mwenyewe kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara, isipokuwa kama sheria nyingine imekuruhusu na mwenyewe akaambiwa wakati zinachukuliwa. Mwalimu akiweka anwani yake kwenye ukurasa wa shule ili wazazi wamfikie, hajasema utumie kumuuzia vitambaa.

Hapa tofauti ndogo ina maana. Anwani ya ofisi, mfano ya "info" au "mauzo", si taarifa ya mtu binafsi, ni ya kampuni. Kuiandikia barua moja ya heshima, ukijitambulisha na kueleza unachouza, ni biashara ya kawaida na hatuoni ubaya. Anwani yenye jina la mtu ni habari nyingine. Programu haiwezi kukutenganishia hizi mbili. Inazimwaga zote kwenye faili moja.

Usijifariji kwamba biashara yako ni ndogo. Ni kweli kwamba mwenye mapato ya mwaka yasiyofika Sh5 milioni na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida hahitaji kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hiyo ni ruhusa ya kutojisajili tu, sheria nyingine zote zinamhusu. Faini inaweza kufika Sh5 milioni, au kwa biashara asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Na si maneno ya kwenye karatasi. Septemba 2023 Ofisi hiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kutoka kwa wengine. Mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Unayetafuta wanunuzi wa nje, angalia na sheria za kwao. Australia, tangu sheria yake ya 2003 kuhusu barua taka, imekataza kuuza, kununua na hata kutumia programu za kuchuma anwani. Marekani haikukataza barua zenyewe, ila inataka tangazo liwe na anwani ya posta ya mtumaji na njia ya mpokeaji kujiondoa, na kuchuma anwani kwa mashine kunazidisha uzito wa kosa.

Basi hakuna anayefaa kuitumia?

Yupo. Tuseme una kikundi cha wakulima wa parachichi Murang'a na mnatafuta wanunuzi Uholanzi. Kampuni zinazoagiza matunda zina tovuti, zina anwani za idara ya ununuzi, na zinataka kuandikiwa na wauzaji. Programu inaweza kukusanyia anwani hizo mchana mmoja, kazi ambayo ingekuchukua wiki. Lakini ona tofauti: unatafuta kampuni arobaini, si watu elfu ishirini, na kila moja utaisoma na kuiandikia barua yake. Kwa kazi ya ukubwa huo, sisi tungekaa chini na daftari tukafungua tovuti hizo arobaini kwa mkono. Lakini hatukatai, muda wako unaujua wewe.

Ukiamua kuijaribu, ipe kwanza kitu unachokijua. Andika kwenye karatasi biashara kumi ambazo tayari una anwani zao sahihi. Iambie itafute biashara za aina hiyo, mji huohuo. Kisha linganisha. Imepata ngapi katika kumi zako? Kati ya zile ilizoongeza, ngapi ni za watu walioondoka, ngapi ni picha? Jaribio hilo la saa moja litakuambia zaidi ya video yoyote ya muuzaji. Asiyekupa muda wa kujaribu kabla ya kulipa, mwache aende.

Angalia pia kama inakuonyesha ukurasa ambako kila anwani ilitoka. Hili kwetu ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mtu akikuuliza "ulinipata wapi?" lazima uwe na jibu. Programu inayokupa safu ya anwani peke yake, bila chimbuko, inakupa mzigo usiojua ulikotoka.

Na kwenye kulipa, tunakuomba usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Biashara ya programu yenye leseni ina nambari ya biashara na jina la biashara. Ukiambiwa "tuma kwa hii nambari ya ndugu yangu, ya kampuni ina shida leo", ujue ukikwama hutakuwa na risiti wala mtu wa kumdai. Halafu usiandikie watu kwa ile anwani yako moja inayoshika kila kitu. Fungua nyingine ya mauzo. Iache ile ya pesa itulie.

Orodha uliyo nayo tayari

Mama wa Thika alipotulia tulimuuliza: wazazi walionunua kwako mwaka jana, uliwahi kuwauliza kama wangependa kujulishwa? Akacheka. Hakuwahi. Wanalipa kwa tili, anafunga sare kwenye karatasi, wanaenda.

Hapa tuseme wazi, maana tunaulizwa sana. Mtu kukulipa kwa simu si ruhusa ya kumtumia matangazo. Nambari iliyotokea kwenye malipo ni ya malipo. Lakini kumwuliza, akiwa amesimama mbele yako na mtoto akijaribu sweta, ni rahisi: "Mama Njeri, nikipata bei mpya mwezi wa nane nikuandikie? Simu ama imeli?" Akikubali, anaandika mwenyewe kwenye daftari, jina, tarehe na jinsi anavyotaka kufikiwa. Akikataa, mnaendelea na habari za karo. Daftari la majina 150 ya namna hiyo sisi tungelichagua kuliko faili la elfu ishirini, na hatusemi hivyo kwa sababu ya sheria. Ni kwamba hao wanamjua, na wana watoto wanaokua na kupasua kaptura.

Kwa shule zenyewe, alichapisha kadi na kuanza kupita kwa walimu wakuu. Tulimwelekeza pia kwenye tovuti ya serikali ya zabuni, tenders.go.ke, na mpango wa AGPO unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya serikali. Huko ofisi inayonunua ndiyo inayoweka anwani yake, na inataka uiandikie.

Na kama wewe ndiye unayeandikiwa kila siku na watu usiowajua, usibonyeze viungo vyao, hata kile cha "jiondoe" ikiwa mtumaji humfahamu. Tia alama ya barua taka uendelee na siku yako. Akiwa ni mfanyabiashara anayejulikana na umemwambia aache asiache, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo. Sheria inaipa Ofisi siku 90 kumaliza uchunguzi wa lalamiko. Hifadhi barua zenyewe usizifute, pamoja na tarehe uliyomwambia aache, kwa sababu hayo ndiyo utakayoulizwa kwanza.